Kuvuka Antaktika peke yako: hesabu ya kilo na siku ya kugeuza

Juzi hapa kafe jamaa wa kompyuta ya jirani aliona kwenye skrini yangu picha ya mtu anakokota mzigo kwenye barafu, akaniuliza, "Huyu katumwa na nani?" Hajatumwa, kapanga mwenyewe. Mipango yenyewe ndo hii.

Kule watu huenda Novemba mpaka Januari, kiangazi chao. Jua halizami kabisa, ila baridi bado inaua. Unateleza kwa skii, nyuma umefunga sleji, yaani kama kimtumbwi kinachoburutwa juu ya theluji.

Ngoma iko kwenye uzito. Chakula ni kama kilo moja kwa siku, bado mafuta ya jiko, maana bila jiko theluji haiyeyuki na maji huna. Siku 60 ni kilo 60 za msosi tu. Ukiogopa dhoruba ukaongeza siku 10, mzigo unazidi, mwendo unapungua, unahitaji siku nyingine tena! Felicity Aston wa Uingereza alivuka peke yake kwa siku 59, akamaliza Januari 2012, lakini alipokea chakula kipya njiani mara mbili.

Henry Worsley, mwanajeshi mstaafu wa Uingereza, hakutaka msaada huo. Alianza Novemba 2015, huku akichangisha pesa za askari waliojeruhiwa. Baada ya siku 71, akiwa amebakiza kama kilomita 48 tu, mwili ukagoma, akaomba ndege kwa simu ya setilaiti. Alifariki hospitalini Punta Arenas, Chile, tarehe 24 Januari 2016. Ndani ya tumbo kulikuwa na maambukizi makali.

Jamani, kilomita 48! Ukiwa na mwenzako atakwambia, "Kaka, umekwisha, turudi." Peke yako, anayeamua ni kichwa kilekile kilichochoka. Ernest Shackleton, ambaye Worsley alimhusudu sana, mwaka 1909 aligeuza na wenzake watatu wakiwa wamebakiza kama kilomita 180 kufika Ncha ya Kusini. Wote wanne walirudi hai.

Ingekuwa mimi, ningeandika karatasi kabla ya safari, nimwachie mtu wa kambini: tumbo likiuma siku mbili mfululizo, tuma ndege hata nikikataa.

Dakika zangu zinaisha, wa kaunta keshaanza kuniangalia. Wewe kwenye karatasi yako ungeandika nini? Tiririka hapo chini.