Dhima za Nyukliotidi katika Njia ya Sumukuvu Mwilini: Ufafanuzi Unaotokana na Mlipuko wa Mwaka 2016 katika Mikoa ya Dodoma na Manyara

Makala haya yanafafanua dhima za nyukliotidi katika umetaboli wa seli, katika upashanaji wa habari baina ya seli, na katika maradhi, kwa kufuata njia ya sumu moja: aflatoksini B1. Katika mwaka 2016 wilaya za Chemba na Kondoa mkoani Dodoma, pamoja na Kiteto mkoani Manyara, zilikumbwa na mlipuko wa sumukuvu uliohusisha wagonjwa 68, ambao 20 kati yao walifariki. Chanzo kilikuwa mahindi yaliyolimwa na kuhifadhiwa nyumbani.

Uwanda wa kati hupata msimu mmoja wa mvua, takribani Desemba hadi Aprili, na mara nyingi mvua hukatika kabla punje hazijakomaa. Kuvu aina ya *Aspergillus flavus* huushambulia mmea uliodhoofishwa na ukame, kisha huendelea kustawi ndani ya kihenge iwapo nafaka imeingizwa ikiwa na unyevu. Inafaa kukumbukwa kwamba mradi mkubwa wa karanga wa serikali ya kikoloni ulianzishwa Kongwa mwaka 1947, ilhali sumu hii ilikuja kutambuliwa baada ya mwaka 1960, pale bata mzinga zaidi ya 100,000 walipokufa nchini Uingereza kwa kulishwa mashudu ya karanga.

Nyukliotidi huundwa na besi yenye nitrojeni, sukari ya kaboni tano, na fosfati moja au zaidi. Vitabu vingi vya kufundishia huzitambulisha kama herufi za DNA, kisha ATP hutajwa katika sura nyingine kana kwamba ni kitu cha ukoo tofauti. Mgawanyo huo ni rahisi kwa mtihani lakini unapotosha. Katika seli ya ini iliyofikiwa na aflatoksini, nyukliotidi ndizo zinazoichochea sumu, ndizo zinazosaidia kuiondoa, na ndizo zinazoshambuliwa.

Aflatoksini B1 inapoingia katika ini haina ukali mkubwa. Hugeuzwa kuwa kali na vimeng'enya vya kundi la saitokromu P450, ambavyo huipachika atomu ya oksijeni na kuifanya epoksidi. Elektroni za kazi hiyo hutolewa na NADPH, molekuli iliyojengwa kwa nyukliotidi mbili zilizounganishwa. Epoksidi hiyo haidumu. Ndani ya maji huvunjika kwa muda wa takribani sekunde moja. Hata hivyo, muda huo unatosha.

Kinga ya kwanza ni glutathioni, ambayo hujifunga kwenye epoksidi na kuiwezesha kutolewa mwilini. Kila molekuli ya glutathioni hugharimu ATP mbili kuundwa. Mazao mengine ya sumu huunganishwa na asidi ya glukuroni, inayobebwa na nyukliotidi iitwayo UDP. Tofauti baina ya viumbe ni kubwa hapa: panya wadogo wa maabara huistahimili aflatoksini kwa sababu kimeng'enya chao cha kuifunga kwa glutathioni kina nguvu, lakini kile cha binadamu ni dhaifu.

Sumu inapozidi uwezo huo, seli za ini hufa na kupasuka, na ATP iliyokuwa ndani humwagika nje. Huko nje haina tena kazi ya nishati. Hupokewa na vipokezi vya P2X7 juu ya seli za kinga, nazo huisoma kama ishara ya hatari na kuamsha uvimbe. Molekuli ni ileile; mahali ilipo ndipo panapoamua maana yake.

Epoksidi iliyoponyoka hujifunga kwenye besi ya guanini ndani ya DNA, katika nitrojeni ya nafasi ya 7. Baadhi ya guanini hizo hung'oka na kutolewa katika mkojo. Nyingine hubadilika umbo na kubaki. Seli ikijigawa kabla ya kukarabatiwa, guanini husomwa kimakosa na mahali pake hukaa thimini. Mwaka 1991 ilichapishwa kwamba katika saratani za ini kutoka Qidong, China, na kusini mwa Afrika, badiliko hilo lilijirudia katika kodoni ya 249 ya jeni ya TP53: AGG huwa AGT, na asidi amino ya ajinini hubadilishwa na serini. Protini inayolinda mgawanyiko wa seli hupoteza uwezo wake. Virusi vya homa ya ini aina ya B huzidisha hatari hiyo mno.

Kwa hiyo, vifo 20 vya mwaka 2016 ni hesabu ya ini lililoshindwa ghafla, si hesabu ya guanini zilizobadilishwa kwa walionusurika, wala kwa kaya zilizokula kidogo kidogo bila kuugua. Kipimo nacho huamua kinachoonekana. Guanini iliyofungwa na aflatoksini katika mkojo huonyesha ulaji wa siku moja au mbili zilizopita. Aflatoksini iliyoshikamana na albumini ya damu huonyesha ulaji wa wiki kadhaa hadi miezi miwili au mitatu. Mtafiti anayechukua mkojo Chemba mwezi Juni, mavuno yakiwa mapya, na yule anayeuchukua Februari, kihenge kikikaribia kwisha, hawapimi mlo mmoja.