Alama Tuziwekazo Mtandaoni: Vyuo vya Garissa na Amana ya Wazazi



Kila mwaka matokeo ya mtihani wa kidato cha nne yatangazwapo, simu za wazazi wa Garissa, Wajir na Mandera huanza kulia mchana na usiku. Si pongezi peke yake ziingiazo. Huingia pia picha za majengo marefu, za vijana waliovaa majoho, na maneno ya kuita: jiandikishe leo, nafasi zilizobaki ni chache. Chini ya kila picha pana kiungo cha kubonyeza. Mtoto hubonyeza, mama huuliza, baba hutafuta fedha.

Mzee mmoja wa Garissa alitusimulia yaliyomfika. Bintiye aliona tangazo la chuo kinachofundisha uuguzi. Tangazo lilikuwa limesambazwa na watu wengi, nao wengi wakaonekana kulisifu. Mzee akauza mbuzi wanne, akatuma malipo ya kwanza kwa njia ya simu, kisha akafuatana na bintiye hadi jijini. Walichokikuta ni chumba kimoja juu ya duka, na mlangoni kufuli. "Sheikh," akatuambia, "mimi sikudanganywa na mtu mmoja. Nimedanganywa na wale wote waliosema ni kizuri bila kukijua." Maneno hayo hayajatutoka moyoni, na ndiyo yaliyotufanya tuandike makala haya.

Tuanze kwa kueleza jinsi jambo lenyewe lilivyo. Zamani mtu akipenda ukurasa wa intaneti aliuwekea alama katika kompyuta yake mwenyewe, kama msomaji awekavyo uzi ndani ya kitabu ili asipoteze mahali alipofika. Mwaka 2003, nchini Marekani, ulianzishwa mtandao wa Delicious, na alama zile zikatoka ndani ya nyumba zikawekwa barazani. Mtu alihifadhi anwani ya ukurasa, akaipa neno la kuitambulisha, na kila apitaye akaiona. Ukafuata Digg mwaka 2004, kisha Reddit mwaka 2005, ambako wasomaji hupiga kura na ukurasa wenye kura nyingi hupanda juu. Mwaka 2010 ukaja Pinterest, ambako watu hubandika picha kama wabandikavyo matangazo ukutani. Delicious wenyewe umekwisha kufifia, lakini desturi iliyoachwa imebaki: kile kinachooneshwa na wengi ndicho kinachoonekana na wengi. Leo hapa kwetu kazi hiyo hufanywa zaidi na Facebook, TikTok na makundi ya WhatsApp.

Wauzaji wa vyuo waliielewa siri hiyo mapema. Chuo kikitaka kujulikana, huwaomba wanafunzi na waliohitimu wauhifadhi ukurasa wake na kuusambaza. Hilo halina ubaya. Ubaya huingia pale mtu mmoja afunguapo akaunti ishirini kwa majina ya uongo, akajisifu kwa ndimi ishirini. Tunakumbuka kisa cha Mtume Muhammad (s.a.w.) alipopita sokoni, akaingiza mkono ndani ya rundo la chakula, akaukuta umande chini ilhali juu pamekauka. Alimkemea muuzaji kwa kuuficha umande ule, akabainisha kuwa mwenye kughushi hayumo katika njia yake. Tangazo la chuo nalo ni rundo. Juu yake ni picha, na chini yake ni walimu, vitabu, mabweni na idhini ya serikali. Mzazi ana haki ya kuingiza mkono.

Lakini upo upande wa pili, na huo ndio unaotugusa zaidi watu wa Garissa na Pwani. Chuo Kikuu cha Garissa kilianza mwaka 2011 kikiwa tawi la Chuo Kikuu cha Moi, mahali palipokuwa chuo cha walimu. Alfajiri ya Alhamisi, tarehe 2 Aprili 2015, wauaji wa al-Shabaab walikivamia na kuwaua watu 148, wengi wao wanafunzi waliotoka sehemu nyingine za Kenya. Hao walikuwa wageni wetu, na mgeni ni amana. Waliosalimika wakahamishiwa Eldoret kuendelea na masomo. Chuo kikafunguliwa tena Januari 2016, wanafunzi wakiwa wachache mno, na mwaka 2017 kikapewa hati ya kuwa chuo kikuu kamili. Pamoja na hayo, mama wa Lamu au wa Hola aandikapo jina lake mtandaoni hukutana kwanza na habari za siku ile. Sababu yake ni kwamba ulimwengu mzima uliziwekea alama kurasa za msiba, na ni wachache waliorudi kuweka alama kwenye kurasa za darasa, maktaba na mahafali.

Hatusemi msiba usahauliwe. Kuwasahau waliouawa ni dhuluma nyingine juu ya ile ya kwanza. Tunasema kwamba jina la chuo lisiachiwe wauaji walimiliki. Walitaka elimu ya Kaskazini Mashariki ife na wageni wasikanyage tena. Kila binti wa Wajir aketiye darasani Garissa, na kila kijana wa Pwani avukaye Mto Tana kwenda kusoma, ni jibu kwao. Basi aliyesoma pale na aseme alichokiona, kwa picha yake halisi na jina lake halisi, kizuri na kilichopungua. Ushuhuda wa kweli wa mwanafunzi mmoja una uzito kuliko sifa mia za kununuliwa.

Kwa wasimamizi wa vyuo tunalo neno. Matangazo yenu yameandikwa kwa Kiingereza, mkimwambia kijana. Lakini katika nyumba zetu, uamuzi wa binti kwenda chuoni hupita kwa mama, kwa bibi na kwa wajomba, na hao huuliza kwa Kisomali na kwa Kiswahili. Hawaulizi juu ya bwawa la kuogelea. Wanauliza: wasichana wanalala wapi, nani analinda lango usiku, pako mahali pa kuswalia, karo yote ni kiasi gani hadi mwisho? Wekeni ukurasa unaojibu hayo kwa lugha zao, nao wataueneza kwa mikono yao wenyewe. Wala msichukue picha ya binti wa watu mkaibandika kwenye tangazo bila ridhaa yake. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inamlinda, na kabla ya sheria hiyo stara yake ilikuwa na haki juu yetu.

Nanyi mama zetu na dada zetu, Mwenyezi Mungu ametuamuru katika Suratul Hujurat, aya ya 6, tuichunguze habari kabla ya kuitenda, tusije tukawadhuru watu kwa kutojua. Amri hiyo haikuiacha nje habari iletwayo na simu. Chuo kikuu chochote, tazameni kama kimo katika orodha ya Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu. Chuo cha ufundi, kama vile North Eastern National Polytechnic iliyoko Garissa, kiulizieni kwa mamlaka ya TVETA. Chuo cha uuguzi lazima kiidhinishwe na Baraza la Wauguzi la Kenya. Lau yule mzee angeliuliza huko, mbuzi wake wangekuwa zizini. Nafasi zitolewazo na serikali huombwa kupitia KUCCPS, na siku zake za kuomba hazimngoji aliyechelewa. Fedha ziingie katika akaunti ya chuo, zisiingie katika simu ya mtu. Namba ya kitambulisho isiandikwe katika fomu isiyojulikana ni ya nani.

Tunapendekeza jambo moja la kufanywa katika kila mtaa. Kikundi cha kina mama wa madrasa kimteue binti mmoja mwenye ujuzi wa simu, awekee alama kurasa zilizokwisha kuhakikishwa, na kila moja aipe neno lake: karo, bweni la wasichana, sala, mkopo. Kwenye mkopo aeleze wazi kwamba mkopo wa HELB wa shahada ya kwanza una riba ya asilimia 4 kwa mwaka, ili familia ishauriane na wanavyuoni kabla ya kutia saini. Ukurasa ukibainika kuwa wa uongo, nao uandikwe kuwa ni wa uongo. Hivyo baraza ya mtandao itakuwa kama baraza zetu za zamani, ambako mtu hakusifu biashara ya jirani ila aliyoijua.

Yule mzee bintiye hakukata tamaa, wala naye hakukata. Sasa, kabla ya kukibonyeza kiungo chochote, humwita mama yake wakakisoma pamoja. Nasi tunamwomba kila asomaye haya ajiulize, kabla ya kusambaza tangazo la chuo, iwapo angelikubali kulitolea ushahidi mbele ya mzazi aliyeuza mbuzi wake. Kusambaza ni kushuhudia, na kila shahidi ataulizwa.

Mwenyezi Mungu awape watoto wetu elimu yenye manufaa, na awape wazazi wao subira na basira. Wabillahi tawfiq.