Mubirizi, kenkina na malaria: kipimo kiko wapi?

Mtoto akishikwa na homa hapa kwetu Pinga, wengi wanakimbilia mubirizi: majani yanapondwa, anakunywa yale maji machungu. Kwingine Kivu wanachemsha ganda la kenkina. Tusiwacheke. Ganda hilo ndilo linatoa kinini, na Pharmakina ya Bukavu imekuwa ikitengeneza kinini kutoka miti ya huku huku Kivu.

Shida ni kipimo. Kidonge kimeandikwa miligramu zake. Kikombe hakina: mti mmoja una kinini nyingi, mwingine kidogo. Ikizidi, masikio yanavuma na sukari ya damu inaweza kushuka. Ikipunguka, vijidudu vya malaria vinabaki ndani ya damu, hata kama homa imetulia kidogo. Artemisia nayo ni vile vile. Tu Youyou wa China na wenzake walitoa dawa ndani yake mwaka 1972, akapata Nobel 2015. Lakini dawa ile haiyeyuki vizuri ndani ya maji, na OMS haikubali majani yake yatumiwe kutibu malaria.

Na chakula? Lengalenga, sombe, maharagi: hivyo vinasaidia kurudisha damu ambayo malaria inaharibu. Mtoto apewe, tena kila siku. Ila haviui kijidudu.

Homa ikianza, apimwe damu kwenye kituo cha afya siku ile ile ao kesho yake. Akitapika kila kitu, ao akishikwa na degedege, usingoje hata chai ipoe.