Betri za sola: Soma namba kabla mzigo haujavuka mpaka

Betri mbili ziko rafu moja, zote zimeandikwa volti 12 na Ah 100, lakini bei zimepishana mbali. Mfanyabiashara anayenunua Kariakoo au Nairobi ili akauze Bujumbura, Kampala au Goma anapaswa kujua sababu mapema. Mteja akirudisha mali mbovu, duka alikonunua liko ng'ambo ya mpaka.

Volti ni msukumo wa umeme, kama maji yanavyosukumwa na tangi lililoinuliwa. Ampea ni wingi wa umeme unaopita kwenye waya. Ah, yaani ampea-saa, huonyesha betri inaweza kutoa ampea ngapi kwa saa ngapi. Zidisha volti kwa Ah upate wati-saa: 12 mara 100 ni 1,200. Hicho ndicho kipimo cha akiba yote.

Hata hivyo, si akiba yote inayotumika. Betri ya risasi na asidi huharibika mapema ikizoeshwa kushuka chini ya nusu, hivyo mteja ahesabu wati-saa 600 tu. Betri ya lithiamu aina ya LiFePO4 huruhusu asilimia 80 au zaidi, na huchajiwa mara elfu mbili na kuendelea, wakati ya risasi kwa kawaida huishia mara mia kadhaa. Hapo ndipo bei zinapoachana.

Chukua nyumba yenye televisheni ya wati 50 kwa saa tano na taa nne za wati 5 kwa saa sita. Matumizi ni wati-saa 250 na 120, jumla 370. Betri halisi ya risasi ya Ah 100 inatosha. Iliyobandikwa namba ya uongo, ikiwa na Ah 50 tu, ina 300 za kutumia. Itashuka chini ya nusu kila usiku na kuharibika mapema.

Mizani husaidia kuumbua lebo. Betri ya risasi ya Ah 100 huwa na kilo 25 hadi 30 hivi. Ikiwa na kilo 15, ulizia. Ya lithiamu ni nyepesi, takriban kilo 10 hadi 13, lakini huhitaji kidhibiti chaji kilichopangwa kwa aina yake.

Kabla ya kulipa, hakikisha risiti imeandikwa aina ya betri, volti, Ah na muda wa waranti, kisha uliza kama waranti hiyo inatambuliwa nchi unakopeleka mzigo.