Marekani: Uzio wenye tundu, lango lisilofungika, namna wakaguzi wanavyopima nyumba za serkali

Familia nyingi za Goma, Bukavu na Uvira ziko na ndugu Marekani. Kati ya Oktoba 2022 na Septemba 2023, RDC ndiyo inchi iliyotoa wakimbizi wengi zaidi waliopokelewa huko: zaidi ya 18 000. Baadhi yao wanapanga katika nyumba zinazosaidiwa na serkali, na huko hata uzio wa lupango unakaguliwa.

Kazi hiyo iko chini ya wizara ya Nyumba na Maendeleo ya Miji (HUD). Mkaguzi haangalii uzuri wala bei ya uzio. Anataka kujua unalinda nini. Uzio unaotenganisha bustani mbili hauna uzito sawa na ule unaozuia watoto wasifike barabarani ao kwenye bwawa la kuogelea.

Katika mfumo wa zamani, uliotumika hadi 2023, kasoro ziligawanywa katika ngazi tatu. Tundu lisilofika sentimita 15 hivi kila upande lilikuwa ngazi ya kwanza. Likizidi hapo, kwenye uzio wa ndani lilipanda ngazi ya pili. Kwenye uzio wa usalama, lilifika ngazi ya tatu, mbaya kuliko zote.

Tarehe 1 Julai 2023, kanuni mpya zinazoitwa NSPIRE zilianza kutumika kwa nyumba za umma. Sasa mkaguzi anatafuta mambo matatu: sehemu ya uzio inayokosekana, uzio unaotaka kuanguka, na lango lisilofunguka, lisilofungika ao lisiloshika komeo. Daraja la kasoro ndilo linaamua muda wa kutengeneza: saa 24 kwa hatari kubwa, siku 30 kwa ya katikati, siku 60 kwa ndogo.

Alama zote ni 100. Chini ya 60, jengo limeanguka. Lakini kasoro za nje zina uzito mdogo kuliko za ndani ya nyumba. Kwa hiyo jengo linaweza kupita mtihani hata kama lango lake ni bovu.

Ndiyo maana mpangaji hapaswi kungojea mkaguzi. Apige picha, aandikie msimamizi, na abaki na kopi ya barua. Kwetu, wapangaji wengi wananunua kufuli kwa mfuko wao. Huko, komeo lililochakaa ni deni la mwenye nyumba.