Kupima kilima kwa picha: objektifu ya zamani inarudi kazini Kolwezi

Hapa Kolwezi kila mtu ana picha. Telefone iko mfukoni, mtu anapiga, anatuma, kesho amesahau. Lakini siku ya kukaa mezani na kampuni juu ya kilima cha taka za mgodi, picha zile hazitusaidii sana. Moja ilipigwa barabarani, ingine juu ya paa la jirani, ingine mtu aliivuta kwa vidole mpaka ikawa ukungu mtupu. Kwenye mkutano mmoja tuliambiwa kilima hakijaongezeka. Wao walileta ramani, sisi tulileta maneno. Wakaaji wanaona kila mwaka kilima kinasogelea nyumba zao, lakini macho ya mkaaji hayaandikwi ku ripoti.

Njo maana sisi wachache wa sendika tumerudia kamera ya wazee: kamera kubwa ya mbao, yenye mivukuto, na objektifu ya kuvuta mbali iliyofanya kazi zamani katika studio ya mjini.

Picha kubwa si jambo geni katika Katanga. Union Minière du Haut-Katanga, iliyoundwa mwaka 1906, ilipiga picha migodi, viwanda, kambi na wafanyakazi wake. Sammy Baloji, mzaliwa wa Lubumbashi mwaka 1978, alichukua picha za namna hiyo akazichanganya na magofu ya viwanda vya leo katika kazi yake iitwayo « Mémoire », ya mwaka 2006. Mtu akiziangalia anaona wazee wetu wamesimama mbele ya mashini zilizokufa. Wanaonekana vizuri, lakini aliyeamua wasimame wapi ni kampuni. Kwa siye, swali la leo ni lile lile: nani anachagua mahali pa kusimamisha kamera?

Tuanze na ukubwa. Filimu ndogo ya zamani, ile ya milimita 35, inatoa picha ya milimita 24 kwa 36. Kamera yetu inapokea karatasi au filimu ya sentimita 10 kwa 12 na nusu. Eneo lake ni zaidi ya mara 13. Kitu kidogo cha mbali kinapata nafasi ya kuandikwa.

Kiisha, umbali. Mgodi una ukuta na walinzi, na sisi hatutaki ugomvi. Tunasimama pahali pa watu wote, kilomita moja kutoka kilimani. Objektifu ya kawaida kwa kamera ya kipimo hiki ni ya sentimita 15. Kwa umbali ule inaonyesha anga nyingi na kilima kidogo. Yetu ni ya sentimita 36, inakuza karibu mara mbili na nusu.

Lakini hapa kuna fundo. Objektifu ndefu ya kawaida, ukiiangalizisha mbali, inadai nafasi sawa na urefu wake: sentimita 36 kutoka kioo mpaka filimu. Mivukuto yetu inanyooka mpaka 30 tu, picha isingekamata hata kidogo. Dawa yake ni teleobjektifu. Mwaka 1891 fundi Mwingereza Thomas Dallmeyer alikuwa kati ya wa kwanza kuitengeneza. Vioo vya mbele vinakusanya mwanga, vya nyuma vinautawanya kidogo kabla haujafika. Picha inatoka kubwa kama ya objektifu ndefu, lakini nafasi inayohitajika nyuma ni fupi. Yetu ya sentimita 36 inatosheka na 22.

Kabla ya kulipa hata franga moja, tuliipima hivi. Tulifunga chumba, tukaacha dirisha moja wazi, tukashika objektifu mbele ya karatasi nyeupe. Mti wa mbali ulipoonekana mkali, juu chini, tulipima kutoka nyuma ya objektifu mpaka karatasi: hiyo ndiyo nafasi ya mivukuto. Kiisha tukapima duara la mwanga. Picha yetu, kona kwa kona, ni sentimita 16. Duara likiwa dogo kuliko hapo, pembe zitatoka nyeusi. Ndiyo sababu objektifu ya kamera ndogo, hata ikiwa ndefu namna gani, haifai: nyingi zinamulika duara la sentimita 4 na kitu.

Kazi ya kufunga ni kazi ya atelie, na mafundi Kolwezi wako. Seremala alikata ubao wa tripleksi wenye kipimo cha ubao wa kamera. Turneri mmoja, mzee wa pansheni, alikereza pete ya aluminiamu yenye meno ya kupokea objektifu. Ndani tulipaka rangi nyeusi isiyong'aa, na kila ufa tukauziba, kwa sababu mwanga unapita kama maji. Objektifu ni nzito, inavuta mbele. Tuliiwekea mguu wa mbao chini yake, na mfuko wa mchanga kwenye miguu ya kamera. Kitu kinachovuta mbali kinakuza pia mtikisiko, na malori ya madini hayapumziki.

Haikuwa na obturateri, ule mlango wa kufunguka na kufungika haraka. Hatukuutafuta. Filimu ni ghali, tunatumia karatasi ya picha kama negatifu. Ni pole sana: jua la saa sita, tundu likifungwa mpaka f/45, inahitaji sekunde moja na kidogo. Mkono unatosha: toa kifuniko, hesabu, rudisha. Usafishaji wake unafanyika chini ya taa nyekundu, mu chumba cha kawaida chenye giza.

Karatasi ina tabia yake. Inaona zaidi rangi ya bluu, kwa hiyo mbingu inatoka nyeupe na udongo wetu mwekundu unatoka mweusi. Ukungu wa mbali nao inauzidisha. Mwezi wa nane na wa tisa, moshi wa kuchoma pori na vumbi vinafunika yote. Tunapiga katika majira ya mvua, asubuhi baada ya mvua ya usiku, hewa ikiwa imeoshwa. Asubuhi jua halijawa kali, basi tunaongeza hesabu ya sekunde.

Sasa faida. Kwa objektifu ya sentimita 36, kitu kilicho kilomita moja kinaandikwa hivi: milimita 1 juu ya negatifu ni karibu mita 2,8 za kweli. Hesabu ni ya 36, si ya zile 22 za mivukuto. Tuseme mwaka huu kilima kina milimita 30, mwaka kesho 32. Kimepanda karibu mita 5 na nusu. Rula ya mtoto wa shule inatosha kuonyesha, na upande wa pili wa meza wanaweza kupima wenyewe.

Masharti ni magumu kidogo. Pahali pawe pale pale: tumezika chuma katika simenti. Umbali tunaupima kwa GPS ya telefone. Karatasi ikilowa inaweza kubadilika kidogo, kwa hiyo ndani ya picha tunaingiza nguzo mbili za umeme zisizohama. Nafasi kati yao ndiyo inatuambia kama kipimo kimeharibika. Nyuma ya kila negatifu tunaandika tarehe, saa, na sahihi za watu wawili, mmoja wao mkaaji asiye wa sendika.

Kamera hii haionyeshi kila kitu. Mtu wa kimo cha kawaida, kwa kilomita moja, hafiki hata milimita moja. Ufa wa ukuta hauonekani. Kwa hiyo mama mwenye nyumba iliyopasuka aendelee kupiga telefone yake, karibu, na rula kando ya ufa. Picha yake inasema nini kimempata; ya kwetu inasema kilima kimetoka wapi na kinaenda wapi. Zikae pamoja mu dosie moja.

Ndugu msomaji, kama katika sanduku la baba au babu mpiga picha kuna bomba zito lenye vioo, usiliuze kwa kilo kama shaba. Lipeleke kwanza mbele ya dirisha, na karatasi nyeupe mkononi.