Mtaalamu wa mradi wako yuko Kakamega, ila usiende mikono mitupu

Kila msimu wa mashindano ya sayansi mambo huwa ni yaleyale. Wanafunzi wawili wa shule ya kutwa wanafika ngazi ya kaunti wakiwa na wazo moto kabisa. Jaji anawauliza swali moja tu: "Mlirudia jaribio mara ngapi?" Wanatazamana. Meza ya pili wapo wenzao wa shule kubwa ya bweni. Wazo lao ni la kawaida, lakini wana daftari la vipimo, wana grafu, na wanajua kwa nini walipima walivyopima.

Tofauti hapo si akili. Hawa wa pili walipata mtu wa kuwahoji kabla jaji hajawahoji.

Na kuna mengi ya kupoteza. Maonyesho ya Sayansi na Uhandisi ya Kenya, KSEF, ambayo wazazi wetu waliyajua kama Science Congress, huanzia shuleni yakapanda hadi kaunti ndogo, kaunti, eneo na kisha taifa. Ukifika kileleni unaweza kujikuta Marekani kwenye ISEF, maonyesho makubwa ya wanafunzi yaliyoanza mwaka wa 1950.

Usiseme hiyo ni ya shule za watu wakubwa. Keriko, shule ya kutwa kule Njoro, Nakuru, ilikuwa na kompyuta moja na mwalimu mmoja kwa wanafunzi 58. Lakini Peter Tabichi, mwalimu wa hisabati na fizikia, alikuza klabu ya sayansi, na mwaka wa 2019 wasichana wawili wa Keriko walifika ISEF, Arizona, na kifaa cha kuwasaidia wasioona na wasiosikia kupima vitu. Mwaka huohuo Tabichi alishinda tuzo ya mwalimu bora duniani, dola milioni 1.

Karibu zaidi na sisi, wasichana watano wa Kisumu Girls walitengeneza i-Cut, programu ya simu ya kupambana na ukeketaji. Mwaka wa 2017 iliwafikisha California kwenye fainali za Technovation, shindano ambalo limejengwa juu ya timu kufanya kazi na washauri.

Sasa turudi nyumbani. Mwalimu wako wa sayansi ndiye mshauri wa kwanza. Baada yake, pale barabara ya Webuye kuna Chuo Kikuu cha Masinde Muliro, chenye wahadhiri na maabara. Mjini kuna kituo cha utafiti wa kilimo cha KALRO. Na pembezoni mwa Msitu wa Kakamega kuna wakulima wa kikundi cha Muliru, ambao kwa kushirikiana na watafiti wa ICIPE waligeuza mmea wa mwonyi kuwa dawa ya kuchua iitwayo Naturub. Kikundi hicho kilipata Tuzo ya Equator mwaka wa 2010. Kwa hivyo mtaalamu si lazima avae tai. Anayeujua mmea tangu mbegu hadi chupa ni mtaalamu pia.

Shida ni vile tunavyowaendea. Ukimwandikia mhadhiri "Naomba unisaidie na mradi wangu", umemtwika mzigo wote. Yeye ana madarasa, ana mitihani ya kusahihisha. Nenda na swali dogo ambalo umeshaanza kulifanyia kazi. Tuseme unataka kujua kama majani makavu ya mwonyi yanazuia fukusi kwenye mahindi. Chukua mitungi kadhaa yenye mahindi sawa na fukusi sawa. Mingine itie majani, mingine usitie. Hesabu fukusi waliokufa kila wiki na uandike. Hapo sasa una la kuuliza.

Simu haziruhusiwi shuleni, kwa hivyo pitia kwa mwalimu. Barua fupi yenye muhuri wa shule inatosha:

"Daktari, sisi ni wanafunzi wa Kidato cha Tatu. Tumejaribu majani ya mwonyi kwenye mitungi sita ya mahindi kwa wiki tatu, na matokeo tumeambatanisha. Mitungi miwili yenye majani sawa ilitupa majibu tofauti sana. Tunaomba dakika ishirini zako, tukiwa na mwalimu wetu, utuonyeshe tulipokosea."

Barua kama hiyo ni rahisi kuijibu. Pengine atakwambia mitungi sita ni michache, au kwamba hukupima uzito wa majani. Usikasirike, hiyo ndiyo dawa uliyoifuata. Asipojibu ndani ya wiki mbili, mkumbushe kwa adabu, kisha jaribu mwingine. Mikutano yote ifanyike ofisini au maabarani, mwalimu akijua.

Muulize pia mapema kuhusu kanuni. Kwenye ISEF, miradi inayohusu watu, wanyama wenye uti wa mgongo au vimelea vya magonjwa lazima ikaguliwe kabla hujaanza. Kukuza bakteria nyumbani kumekatazwa kabisa. Fukusi hawana uti wa mgongo, kwa hivyo hapo umepona. Lakini ukitaka kujaribu chakula kipya kwa kuku wa nyanya, simama kwanza.

La mwisho ndilo zito. Mshauri anauliza, anaelekeza, anakuonyesha kifaa. Kazi ni yako. Ukifanya utafiti katika maabara ya chuo, ISEF inaitaka maabara hiyo ieleze kwa maandishi wewe mwenyewe ulifanya nini hasa. Na hata hapa kaunti, jaji hupima hilo kwa maswali mawili matatu. Mradi uliotengenezwa na fundi au mjomba injinia hung'aa mezani, kisha huzimika mwenyewe anapofungua mdomo.

Kwa hivyo wiki hii tafuta mwenzako, tafuteni daftari, andikeni swali moja na mpime kitu kimoja. Barua itafuata.